Kamusi nne za bure za mtandaoni, zikipimwa kwa maneno ya Kiingereza yanayokaribiana

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na daftari ninaloandika ndani yake maneno ya Kiingereza yanayokwenda mawili mawili, yale ambayo kamusi ya lugha mbili huyapa tafsiri moja ya Kiswahili na kuyaacha hapo. Ukurasa wa kwanza una “rob” na “steal”. Kamusi niliyokuwa nikiitumia wakati huo ilisema kwamba yote mawili maana yake ni kuiba, na haikukosea. Kosa lilitokea nilipotunga sentensi, kwa sababu niliandika kwamba wezi “robbed my phone”, na aliyekuwa akinisahihisha akalikata neno hilo kwa mstari mwekundu bila kuandika sababu. Maana ya kitenzi nilikuwa ninaijua. Nisichokijua ni kile ambacho kila kimoja kati ya vitenzi hivi kinataka kifuate baada yake: “steal” hufuatwa na kitu kilichochukuliwa, ilhali “rob” hufuatwa na mtu aliyeibiwa au mahali palipovamiwa. Ndiyo maana anayesema “they stole me” haelezi kwamba amepoteza mali, bali kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechukuliwa.

Kazi yangu ni kutafsiri, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifungua kamusi nne za mtandaoni zilizoandikwa mahususi kwa wanaojifunza Kiingereza: ya Oxford, ya Longman, ya Cambridge, na ya COBUILD inayopatikana katika tovuti ya Collins. Zote nne husomwa bila malipo, zote hueleza Kiingereza kwa Kiingereza, na zote ni kazi za hali ya juu ambazo ningesikitika sana kuzikosa. Katika tathmini hii sizipimi kwa wingi wa vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa, wala kwa sauti za matamshi, wala kwa mpangilio wa rangi katika kurasa zake. Nazipima kwa swali moja ninalokutana nalo kila siku mezani: nikiwa na maneno mawili ambayo maana zake zimekaribiana kiasi kwamba fasili pekee haitoshi kuyatenganisha, ni kamusi ipi itakayonionyesha mapema ni lipi linalofaa katika sentensi niliyo nayo?

Swali hilo si geni kwa kamusi za aina hii, maana kwa kiasi kikubwa ndilo lililozizaa. A. S. Hornby alikuwa mwalimu Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani katika miaka ya 1920, na kamusi aliyoitunga pamoja na wenzake wawili ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford University Press wakaitoa upya mwaka 1948. Hornby aliona kwamba mwanafunzi anayeijua vizuri maana ya kitenzi bado anaweza kukitumia vibaya, kwa hiyo akapanga miundo 25 inayofuatwa na vitenzi vya Kiingereza na kuionyesha ndani ya vitomeo vyenyewe, yaani katika maelezo ya kila neno, ili msomaji ajue kitenzi fulani kinakubali shamirisho moja au mawili, kinafuatwa na kitenzi kingine cha namna gani, na kadhalika. Kamusi zote nne ninazozizungumzia hapa, kila moja kwa njia yake, ni warithi wa wazo hilo.

Nadhani msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulielewa wazo hilo haraka, kwa kuwa lugha yetu huyatenda kwa viambishi mambo ambayo Kiingereza huyatenda kwa kubadilisha neno zima. Simu huibwa, lakini mwenye simu huibiwa. Kauli ya kutendea ndiyo inayomleta mtu katikati ya tendo. Basi “steal” ni kuiba na “rob” ni kuibia, na tofauti iliyonisumbua muda wote huo nilikuwa nikiisema kwa usahihi tangu utotoni bila kujua kwamba ndiyo hiyo. Vivyo hivyo “lie” ni kulala na “lay” ni kulaza, “rise” ni kupanda na “raise” ni kupandisha, “remember” ni kukumbuka na “remind” ni kukumbusha, “hear” ni kusikia na “listen” ni kusikiliza. Jozi ya “lie” na “lay” huwatatiza hata wenye lugha yao, kwa sababu wakati uliopita wa “lie” ni “lay”, yaani umbo lile lile la kitenzi cha pili. Kwetu maana za vitenzi hivyo viwili hazichanganyiki kamwe, kwa kuwa hakuna Mswahili atakayesema kwamba amemlala mtoto kitandani akikusudia kwamba amemlaza. Kinachobaki kwetu ni kujifunza maumbo ya nyakati tu, na hiyo ni kazi ndogo ikilinganishwa na kujifunza tofauti yenyewe.

Kwa vitenzi vya namna hii, kamusi inayonipa jibu mapema kuliko zote ni COBUILD. Mradi wake ulianza mwaka 1980 kwa ushirikiano wa kampuni ya uchapishaji ya Collins na Chuo Kikuu cha Birmingham, chini ya mwanaisimu John Sinclair, na toleo la kwanza la kamusi likatoka mwaka 1987. Mambo mawili yaliitofautisha na zilizotangulia. La kwanza ni kwamba ilijengwa juu ya kopasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini halisi uliowekwa katika kompyuta, na mifano yake ikachukuliwa humo badala ya kutungwa na mwandishi wa kamusi. La pili, na kwa swali langu ndilo kubwa zaidi, ni kwamba fasili zake ziliandikwa kwa sentensi kamili. Haikuambii kwamba neno fulani ni “kuchukua mali kwa nguvu au kwa siri”. Inakuandikia sentensi ambayo neno lenyewe limo ndani yake, likifanya kazi linayoifanya kila siku.

Uzito wa jambo hilo huonekana ukifungua “rob” na “steal” katika kurasa mbili na kuziweka ubavu kwa ubavu. Fasili ya “steal” huanza na mtu anayeiba kitu kutoka kwa mtu mwingine, wakati fasili ya “rob” huanza na mtu anayeibiwa, tena kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa. Kabla hujafika kwenye mifano umekwisha kuona kwamba kitenzi kimoja kinakiangalia kitu na kingine kinamwangalia mtu. Hakuna istilahi ya sarufi uliyolazimika kuijua, wala alama ya kifupisho uliyolazimika kuitafutia maelezo mwanzoni mwa kitabu. Sinclair alikuwa amekulia kitaaluma katika fikra za J. R. Firth, mwanaisimu Mwingereza aliyesema mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na ninapozisoma fasili hizi naona kwamba wazo hilo limeacha kuwa nadharia na kuwa chombo cha mkononi.

Hata hivyo, njia hiyo ina gharama zake. Sentensi kamili huchukua nafasi, na anayetaka tu kuhakikisha maana ya nomino ya kawaida atasoma maneno mengi kuliko anayoyahitaji. Pia COBUILD hulieleza kila neno mahali pake, kwa hiyo kazi ya kulinganisha inabaki kuwa yako: ni wewe unayefungua kurasa mbili, unayetafuta kipengele kinachotofautiana, na unayeamua. Kwa mtu aliyezoea, hilo ni zoezi zuri; kwa anayeanza, ni rahisi kusoma fasili mbili ndefu na kuinuka akiwa bado anaona kwamba zinasema jambo moja. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba tovuti ya Collins huweka chini ya neno moja sehemu kutoka kamusi zaidi ya moja, zikiwamo zilizoandikwa kwa wazawa wa Kiingereza, na mtindo wa sehemu hizo ni tofauti kabisa. Ushauri wangu ni kusoma sehemu iliyotajwa kuwa ni ya COBUILD na kusimama hapo hadi uwe na sababu mahususi ya kuendelea.

Cambridge inaijibu shida hiyo ya kulinganisha kwa njia nyingine. Kamusi yake ya kwanza ya wanafunzi ilitoka mwaka 1995 chini ya Paul Procter, mhariri yule yule aliyeongoza toleo la kwanza la Longman mwaka 1978, na leo tovuti yake ina, mbali na kamusi, sehemu ya sarufi ambayo wengi wanaoitumia kamusi hawaifikii kabisa. Ndani ya sehemu hiyo kuna orodha ya maneno yanayochanganywa kwa urahisi, na vichwa vyake vingi vimeandikwa kama swali ambalo mwanafunzi mwenyewe angeuliza: “say” au “tell”, “above” au “over”, “beside” au “besides”, au “look at”, “see” na “watch” kwa pamoja. Kila ukurasa huyaweka maneno mezani kwa wakati mmoja, hueleza kila moja linafanya nini, na mara kwa mara huonyesha sentensi isiyokubalika karibu na ile inayokubalika. Kwangu mimi hili la mwisho lina thamani kubwa, kwa kuwa kamusi za kawaida hukuonyesha njia iliyo sawa na kukuacha ubashiri ni njia zipi zimefungwa.

Chukua “look at”, “see” na “watch”. Kiswahili kina kuona, kutazama na kuangalia, na mtu angedhani kwamba maneno matatu yatagawana na matatu kwa usawa, lakini hayagawani hivyo. “See” hukubaliana na kuona bila taabu: jambo limeingia machoni, umelitaka au hukulitaka. Tatizo liko kwa mengine mawili, kwa sababu sisi tunaweza kuitazama picha ukutani na kuutazama mchezo uwanjani kwa kitenzi kile kile, na kuangalia pia kunafaa pote pawili, ilhali Kiingereza kinaigawa kazi hiyo kwa kuuliza kama kinachotazamwa kinakwenda au kubadilika. Picha isiyosogea ni ya “look at”. Mchezo, ndege anayejenga kiota, mtoto anayejifunza kutembea, vyote ni vya “watch”, maana unavifuata kwa macho kwa muda. Mara tu ukurasa wa Cambridge unapoiweka tofauti hiyo mbele yako, huihitaji kuisoma tena.

“Bring”, “take” na “fetch” wana ukurasa wao pia, na hapo msomaji wetu atajisikia yuko nyumbani, kwa kuwa “bring” ni kuleta na “take” ni kupeleka, na hata “fetch”, ambayo wanafunzi wa lugha nyingine nyingi huiona ngumu, ni yale maneno tunayomwambia mtu kila siku: nenda kachukue ulete. “Say” na “tell” nazo ni kusema na kuambia, na sharti lililo katika kuambia, kwamba lazima pawe na anayeambiwa, ndilo lililo katika “tell”. Tofauti zinaanzia kwenye misemo iliyokwisha kuganda, ambamo “tell” haihitaji mtu: “tell the truth”, “tell a lie”, “tell a story”. Hizo hazina kanuni ya kuzifikiria; huwekwa kichwani kama zilivyo.

Kasoro ya sehemu hii ya Cambridge ni kwamba inahudumia jozi zilizochaguliwa tu. Ikiwa jozi yako imo, huhitaji kwenda popote pengine. Ikiwa haimo, unarudi kwenye kitomeo cha kawaida cha kamusi, ambako fasili ni fupi na safi, na ufupi huo unaomfurahisha mwenye haraka humnyima msaada mwenye maneno mawili yanayokaribiana, kwa kuwa fasili fupi mbili za maneno jirani huweza kufanana karibu neno kwa neno. Nikifika hapo, mara nyingi naruka fasili na kwenda moja kwa moja kwenye mifano, ambayo ni mingi na hutolewa kwa muundo unaoonyesha kihusishi au kitenzi kinachofuata. Kamusi hii pia huweka alama ya kiwango kwa maana nyingi, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, na alama hiyo imenisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia: ukikuta maneno mawili yenye maana moja, moja la A1 na jingine la C1, umekwisha kupata dokezo kwamba la pili lina mazingira yake maalumu.

Longman nitaisifu kwa jambo hilo hilo la mazingira, kwa kuwa ndiyo inayolishughulikia vizuri zaidi. Inajulikana hasa kwa uamuzi wake wa tangu mwaka 1978 wa kuandika fasili zote kwa msamiati wa maneno yapatayo 2,000, na kwa anayeanza huo ni wema usio na kifani, kwa sababu hakuna kitu kinachovunja moyo kama kutafuta neno moja na kulazimika kutafuta mengine matatu ili uielewe fasili yake. Lakini kwa swali langu, kilicho muhimu zaidi ni alama ndogo za S na W zilizo kando ya maneno yanayotumika sana. S ni ya mazungumzo na W ni ya maandishi, na nambari kutoka 1 hadi 3 inaonyesha neno limo katika elfu ya kwanza, ya pili au ya tatu kwa wingi wa matumizi. Kwa kuzisoma alama hizo kwa pamoja unaweza kuona neno linaishi wapi zaidi, mdomoni au kwenye karatasi.

Tofauti ya namna hii tunaijua sana. Kufa, kufariki na kuaga dunia ni tendo moja, lakini hatusemi kwamba mbuzi amefariki, na mwandishi wa rambirambi haandiki kwamba marehemu amekufa. “Die” na “pass away” zina mgawanyo unaofanana na huo, na “buy” na “purchase”, “ask” na “enquire”, “start” na “commence” zinatofautiana kwa kiwango cha urasmi zaidi kuliko kwa maana. Mwanafunzi anayechagua neno zito akidhani kwamba uzito ni ufasaha huandika Kiingereza kinachomshangaza msomaji, kama vile mtu angemwambia rafiki yake sokoni kwamba anakusudia kutekeleza ununuzi wa nyanya. Longman huonya kwa lebo ya urasmi, kwa alama za S na W, na kwa visanduku vya visawe ambamo kundi zima la maneno hupangwa na kila moja kuelezwa kwa mstari mmoja au miwili. Visanduku hivyo ndivyo ninavyovifungua nikiwa na vitenzi vingi vinavyokaa pamoja, kwa mfano vile vya kutupia jicho, kukodolea macho, kuchungulia na kukazia macho, ambavyo Kiingereza huviita “glance”, “stare”, “peep” na “gaze”.

Msamiati ule wa maneno 2,000 una mpaka wake, nao nimeufikia mara kadhaa. Tofauti nyembamba sana inahitaji neno jembamba la kuielezea, na neno hilo likiwa nje ya orodha, fasili hulazimika kuzunguka au kuiacha tofauti ijionyeshe katika mifano. Sioni kwamba hilo ni kosa. Ni bei ya uwazi, na kwa wasomaji wengi inafaa kulipwa. Ila aliyefika kiwango cha juu atahitaji kamusi ya pili karibu yake.

Kamusi hiyo ya pili, kwangu mimi, mara nyingi ni ya Oxford, ambayo ndiyo mtoto wa moja kwa moja wa kazi ya Hornby. Ina maelezo mafupi yanayoanza kwa swali “Which Word?”, yaliyowekwa ndani ya vitomeo vyenyewe, kwa hiyo msomaji huyakuta bila kuyatafuta. Miundo ya vitenzi nayo bado imo, ila sasa imeandikwa kwa maneno ya kawaida: chini ya “rob” utaona kwamba nafasi ya baada ya kitenzi ni ya mtu au mahali, na kitu kilichoibwa, kikitajwa, huja baada ya “of”, chini ya “steal” utaona kwamba nafasi hiyo ni ya kitu, na mtu huja baada ya “from”. Ni taarifa ile ile iliyo katika sentensi ya COBUILD, imewekwa kwa kifupi. Mwenye mazoea ya sarufi atapenda ufupi wa Oxford, na asiye nayo atapenda sentensi ya COBUILD; wote wawili watafika mahali pamoja.

Kuna eneo moja ambalo ningemtuma mtu yeyote Oxford kwanza, nalo ni tofauti kati ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani katika maneno madogo. Mwingereza akisema kwamba kazi yako ni “quite good” huenda anamaanisha kwamba inaridhisha kiasi, wakati Mmarekani kwa maneno hayo hayo kwa kawaida anakusifu kwa dhati. Mwingereza aliye “in hospital” ni mgonjwa aliyelazwa, na aliye “in the hospital” huenda amekwenda kumwona mtu tu. Mmarekani huiweka “the” kote kote. Neno fupi la herufi tatu linaweza kumgeuza mgeni kuwa mgonjwa, na mfasiri asiyelijua hilo hatafahamu kamwe kwamba amekosea, kwa sababu sentensi yake haina kosa la sarufi linaloonekana.

Maneno madogo ndiyo yanayonipa kazi kubwa kuliko vitenzi vyote, na hapa ni lazima niseme kwamba kamusi zote nne zinasaidia lakini hakuna inayomaliza. “Few people came” na “a few people came” zote kwa Kiswahili ni watu wachache walikuja, ingawa ya kwanza inalalamika kwamba waliokuja hawakutosha na ya pili inasema tu kwamba wapo waliokuja. Kiswahili kinaweza kuieleza tofauti hiyo, lakini kwa kubadilisha umbo zima la sentensi: ni watu wachache tu waliokuja, au, kwa ile nyingine, walikuja watu kadhaa. “Little” na “a little” hufuata njia hiyo hiyo. “By” na “until” nazo zote huangukia kwenye hadi au mpaka, ilhali anayetakiwa kumaliza kazi “by Friday” anaweza kuimaliza Jumanne na kupumzika, na anayetakiwa kufanya kazi “until Friday” hana ruhusa ya kupumzika kabla ya siku hiyo. Kwa ya kwanza, kufikia Ijumaa ni tafsiri salama zaidi, na nimeshika desturi ya kuiandika hivyo hata pale ambapo hadi ingeeleweka, hasa katika mikataba.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa kamusi hizi kwa msomaji wetu. Zinaeleza Kiingereza kwa Kiingereza, kwa watu wa lugha zote duniani, kwa hiyo haziwezi kujua ni wapi hasa mwenye Kiswahili atajikwaa. Aidha, ukurasa unaolinganisha maneno mawili humfaa tu anayejua kwamba maneno hayo mawili yapo. Anayejua “make” peke yake hataitafuta jozi ya “make” na “do”, ataandika “make homework” kwa sababu kwake yote ni kufanya, na hakuna kamusi itakayomnong’oneza asipoifungua. Kwa hiyo nimejizoeza kutafuta hata neno ninaloamini kwamba ninalijua, na kuangalia sehemu ya maneno yanayoandamana nalo. Longman na Oxford zina sehemu hizo kwa maneno mengi ya kawaida, na ndimo ninamoona kwamba mvua kubwa ni “heavy rain” lakini upepo mkali ni “strong wind”, na kwamba vivumishi hivyo viwili havibadilishani nafasi katika misemo hiyo.

Mtu akiniuliza aanze na ipi, nitamjibu kwa kumuuliza anakwama wapi. Akiwa anajua maneno yote mawili na hajui achague lipi, aanze na sehemu ya sarufi ya Cambridge, na kama jozi yake haimo, aende Oxford. Akiwa anakosea baada ya kitenzi, yaani anaweka mtu mahali pa kitu au anasahau “to” baada ya “listen”, aisome COBUILD kwa utulivu, fasili kwanza, mifano baadaye. Akiwa sentensi zake ni sahihi lakini wasomaji wanasema kwamba hazisikiki vizuri, aende Longman. Mimi nazifungua zote nne katika vichupo vinne vya kivinjari, na sijawahi kuona kwamba moja imeifanya nyingine kuwa ya ziada.

Jozi ya mwisho katika daftari langu kwa sasa ni “borrow” na “lend”, na hiyo nilimaliza kuiandika wiki iliyopita. Kamusi zote nne zinaeleza vizuri kwamba anayepokea ndiye “borrow” na anayetoa ndiye “lend”. Kwa kukopa na kukopesha hakuna tabu, kwa sababu kiambishi cha kutendesha kinageuza mwelekeo. Shida iko katika kuazima, ambako wengi wetu tunakitumia kitenzi kimoja kwa pande zote mbili: nimeazima kitabu, na pia niazime kitabu chako. Hilo halimo katika kamusi yoyote ya Kiingereza, wala haliwezi kuwamo, kwa sababu ni jambo la Kiswahili. Nilipolitazama kwa makini niliona kwamba kinachobadilisha mwelekeo ni kiambishi cha mtendewa, kwa hiyo nikaandika chini ya sentensi nilizonakili kutoka COBUILD: nimeazima, bila mtu ndani ya kitenzi, ni “borrowed”, nimemwazima, mtu akiwamo, ni “lent”.